Uliniambia Moshi

Lyamkena, Makambako
28 Mei 2023

Shangazi Telesia,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, najua bado unasoma barua zangu ukiwa na kalamu nyekundu mkononi kama enzi ulipokuwa unanifundisha darasa la nne. Mimi mzima. Kinachotusumbua huku ni upepo, unaingiza vumbi mpaka kwenye mboga. Masikio yako yanaendeleaje? Ile simu niliyokununulia usiilazimishe. Kama husikii basi husikii, tutaandikiana, na Marcelino wa lori la magogo amekubali kuwa posta yetu. Nasikia kifua cha Jasmine wangu bado kinabana. Mtoto wa miaka sita hawezi kushindana na baridi ya Ihalawe.

Nina habari njema. Kiwandani wamenitoa kwenye kupakia, wamenipeleka kwenye pipa. Usifikirie pipa la maji. Ni chuma kirefu kuliko basi. Tunasukumia humo nguzo za umeme, tunafunga mlango, dawa inaingizwa kwa nguvu mpaka ndani kabisa ya mti. Nguzo zikitoka zina rangi ya kijani. Mti wa mlingoti usiotiwa dawa mchwa wanaumaliza kwa miaka mitatu, huu wetu utasimama miaka arobaini. Piga hesabu, mwalimu: ni miti mingapi haitakatwa? Watu wanasema kiwanda kinamaliza misitu. Mimi naona kinaiokoa, na juu ya hapo tuko watu sabini tunaokula kwa kazi hii, ambao tungekuwa bado tunasubiri mgodi wa chuma wa Liganga ufunguliwe.

Nguzo zikishatiwa dawa hukatwa ncha ili zilingane, na vile vipande hubaki vimerundikana uani. Nimeomba nusu lori, Marcelino anakuletea pamoja na barua hii. Ni kuni nzito, kavu, zinashika moto haraka. Washeni jikoni asubuhi na jioni, mtoto apate joto. Ningependa kuja mwenyewe, ila zamu hazitoi nafasi. Mwambie baba yake amemtumia moto.

Mwanao,
Basil


Ihalawe, Njombe
11 Juni 2023

Mwanangu Basil,

Marahaba. Mwandiko si mbaya, lakini pale uliposema "zamu hazitoi nafasi" nimepiga mstari mwekundu. Zamu haina mikono ya kutoa wala ya kunyima. Sisi hatujambo. Jirani yetu Odilo anakusalimu, amefunga sola mpya na televisheni yake sasa inawaka tangu mchana, hata kuku wake wamekuwa watazamaji.

Kuni zimefika, na Mungu akubariki. Moto wake una ukingo wa kijani. Jasmine anauita moto wa Krismasi, anaukalia karibu mpaka namvuta sketi. Kikohozi kimepungua. Majivu yake ni mengi na laini, nimeyachekecha. Maharage tumevuna gunia moja na nusu, na kama alivyofanya mama yangu, na mama yake, nimeyachanganya na majivu ili fukusi wasiyaguse. Odilo yeye amenunua dawa ya unga dukani. Nimemcheka. Kwa nini nimlishe mtoto sumu wakati majivu yako jikoni kwangu bure?

Jumapili tulikwenda kwake kuangalia filamu. Ilikuwa ya kiwanda cha rangi kinachomwaga uchafu mtoni. Mwenye kiwanda ana kitambi na sigara, anacheka peke yake ofisini. Watoto wanaugua, anatokea binti mmoja wakili, anapiga meza mahakamani, mwisho mto unakuwa safi na samaki wanaruka. Sikusikia neno hata moja na nimeelewa yote. Hapo ndipo nilipoichukia. Mambo niliyoyaona mimi katika maisha yangu hayakuwahi kueleweka kwa kutazama tu.

Sasa lile jambo unalolikwepa. Aprili ilitimia mwaka tangu tumzike Anneth, na tangu siku ile hujakanyaga hapa. Kaburi la mkeo ni udongo mtupu. Msalaba ni kazi ya mume, sisi wengine hatuwezi kukuwekea. Jasmine ananiuliza mama yake yuko upande gani wa lile tuta.

Shangazi yako,
Telesia


Lyamkena, Makambako
2 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kikohozi kimepungua. Mimi nina mafua kidogo ya upepo, si neno. Marcelino anasema barabara ya kwenu imechongwa, afadhali.

Unakumbuka nilipokuwa natafsiri filamu kwenye kibanda cha video, watu wakiniita DJ Baridi? Ulisema ni kazi ya kupayuka. Basi kupayuka kumelipa. Kiwanda kinatengeneza filamu yake, ya kuonesha wanunuzi kwamba tunazalisha na mazingira tunayatunza, na meneja ametaka sauti iwe yangu. Nimetafsiri filamu nyingi, Shangazi. Nimewaua wenye viwanda zaidi ya thelathini kwa mdomo huu, na kila mmoja alikuwa shetani. Sijawahi kuona filamu hata moja inayomwonesha mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda zamu ili mwanawe asome. Na kule gizani, kwenye vijiji kama Ihalawe, nani anapeleka nguzo? Yule wakili wa Odilo?

Mwisho wa filamu kuna maneno haya, nimeyatunga mwenyewe: "Hapa hakuna kinachopotea. Kipande cha mwisho cha mti kinarudi kijijini, kumpasha joto bibi na mjukuu wake." Wanahitaji bibi na mjukuu. Nimewapa ninyi. Watakuja mwezi huu. Vaa kile kitenge cha WAWATA, cha akina mama wa kanisani, na Jasmine avae lile sweta jekundu.

Msalaba wa Anneth usiwe na wasiwasi. Nitauchonga na kuupitisha kwenye pipa, hautaoza hata wajukuu wetu wakizeeka.

Mwanao,
Basil


Ihalawe, Njombe
23 Julai 2023

Mwanangu Basil,

Marahaba. Tupo. Wiki hii umande umeganda mara mbili, viazi vya Odilo vimeungua na baridi. Jasmine amejua kuandika jina lake na la mama yake, nimekufungia karatasi uone.

Watu wako wa filamu walifika Jumanne, watatu, na vijikoti vyepesi, meno yanagongana. Mmoja aliniamkia kwa lugha yetu, "Kamwene, bibi," kisha akawatazama wenzake kama anayesubiri makofi. Walinifanya nichochee moto mara sita. Mara ya kwanza moshi ulikuwa mwingi, wakasema haupendezi. Mara ya nne nilisahau kutabasamu. Walifuta masizi ukutani kwa kitambaa chenye maji. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, kwanza Bulongwa kisha hapa, na hakuna mkaguzi aliyewahi kunirudisha mara sita.

Halafu wakataka nieleze habari za kuni. Nikaeleza, nikaeleza na ya ndama. Yule wa kamera akaishusha kamera, akaniandikia kwenye karatasi kwa kuwa sikumsikia: "Bibi, hiyo tuiache, tuongee ya joto." Basi nakueleza wewe. Ndama wa Jasmine, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, alikuwa na tabia ya kulamba majivu nilipoyamwaga nyuma ya jiko. Ng'ombe hupenda chumvi ya majivu, hilo si jipya. Jumapili kabla hao hawajafika, asubuhi, alianza kuharisha, mate yakamtoka, akaanguka. Hakufika jioni. Bwana mifugo alisema huenda amekula kitu. Jasmine alilia siku mbili na hakutaka kula.

Mimi nilifundisha Kiswahili na hesabu, mambo ya kemia siyajui. Lakini dawa inayomkimbiza mchwa kwa miaka arobaini haiwezi kuwa maziwa. Wewe ndiye uliye karibu na hilo pipa. Nakuuliza kwa maandishi ili unijibu kwa maandishi. Kuni hizi zina nini?

Shangazi yako,
Telesia


Lyamkena, Makambako
30 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, kazi zimenizidi. Poleni na baridi, na mpe pole Odilo kwa viazi vyake. Mwambie Jasmine nimeliona jina lake, nimelibandika ukutani juu ya kitanda. Pole kwa ndama. Mwaka huu ndama wengi wanakufa, hata huku, nadhani ni kupe. Nitamtafutia mwingine.

Nimepandishwa cheo, sasa mimi ni msimamizi wa zamu. Na filamu imekwisha. Kamera inaruka juu ya milingoti kama mwewe, unaona vilima vyote vya kijani mpaka macho yanachoka, kisha muziki unashuka taratibu na unatokea wewe na Jasmine mbele ya moto. Nilipoiona nililia mbele ya watu. Itaoneshwa kwenu kwanza, halafu mwezi wa kumi inakwenda kwenye maonesho Dodoma, nami naifuata, nitakaa huko wiki tatu.

Kuhusu kuni, ni kuni tu, ila moshi wake unawasha macho. Ni vizuri uhamishie moto nje, usiwashe tena ndani, na Jasmine asikae moshini. Ni hilo tu.

Msalaba uko tayari. Nitautuma.

Mwanao,
Basil


Ihalawe, Njombe
8 Oktoba 2023

Mwanangu Basil,

Marahaba, na hongera kwa cheo. Barua yako ni ya mwanafunzi aliyejibu maswali yote isipokuwa lile lenye alama nyingi. Lakini nimekulea, nakuamini. Siku ileile nilibeba mafiga mwenyewe, nikahamishia jiko nje chini ya bati. Ndani sasa hakuna moshi hata kidogo.

Filamu ilioneshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu waliona msitu wao kutoka juu wakashangilia. Ilipofika kwenye moto wakainama mbele kwenye mabenchi. Sauti yako sikuisikia, lakini niliwaona watu wakiisikia. Jasmine alisimama juu ya benchi. Odilo aliomba akawekewa filamu kwenye flashi, na tangu hapo mtoto haondoki kwake. Odilo ameniandikia kwamba ameyakariri maneno yako yote, anayasema kwa sauti nzito akijishika kiuno. Hakuoni, basi amejishikia sauti.

Nimeifikiria sana filamu hiyo. Katika ile ya yule mwenye kitambi, ubaya wote uko kiwandani na wanakijiji hawana kosa. Katika hii yako hakuna ubaya popote. Mimi ninayepika sikujiona katika hiyo wala katika hii. Lakini watu wameipenda, na kila nyumba sasa inataka kuni za kijani. Lori limeleta mara tatu. Hata Odilo ameacha dawa yake ya dukani, anatumia majivu kama mimi. Wengine wanayamwaga kwenye vinyungu vyao, zile bustani za bondeni, pale kwenye chemchemi.

Sasa nikuambie ya Jasmine. Tangu mwezi uliopita tumbo linamsumbua, anatapika. Viganja vyake vimekuwa vigumu kama vya mkulima. Nywele zinatoka nikimchana. Nimempeleka hospitali mara mbili. Daktari ni mtu makini, aliuliza mengi, na mwuguzi alikuwa ananiandikia maswali. Mojawapo lilikuwa: nyumbani mnahifadhi nafaka kwa dawa yoyote? Nilijibu kwa fahari kwamba hapana, kwetu ni majivu ya jikoni tu, kama mababu zetu. Akaandika "hakuna."

Kitu pekee anachokubali kula ni uji na maharage. Tunashukuru maharage mwaka huu ni mazuri, hayana fukusi hata mmoja.

Sikumtuma Odilo apande kilimani kutafuta mtandao akupigie. Sikutaka kukutia hofu ukiwa safarini. Ila ukisoma hii, njoo umwone. Usitume kitu.

Shangazi yako,
Telesia


Lyamkena, Makambako
12 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za upepo.

Barua yako ya tarehe nane Oktoba nimeikuta kwa mlinzi wa geti niliporudi kutoka kumzika mwanangu. Ilikuwa imekaa hapo wakati wote nilipokuwa Dodoma naonesha watu filamu. Odilo aliponipigia kwamba Jasmine amelazwa na hali si nzuri, nilipanda basi la kwanza, nikafika hospitali saa nne asubuhi. Saa nane mchana alifariki. Hayo unayajua. Nakuandikia usiyoyajua.

Nilipofika ulikuwa umetoka kumtafutia uji. Jasmine alinitambua kwa sauti kabla hajafungua macho. Akaniambia, "Baba, naijua yote." Akaanza: "Hapa hakuna kinachopotea." Alikwenda nayo mpaka kwa bibi na mjukuu wake, pumzi ikamwishia. Nilimwambia umeipatia, mwanangu. Ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Kisha nilimfuata daktari nje nikamweleza habari za kuni. Aliniuliza, "Umejua tangu lini?" Sikumjibu. Nakujibu wewe. Ulipoandika habari za ndama nilikwenda kwa Hilda, afisa wetu wa usalama, nikamuuliza. Alinionesha karatasi inayokuja na dawa. Imeandikwa kwamba mti uliotiwa dawa hii usichomwe kabisa, kwa sababu sumu inabaki katika moshi, na inabaki zaidi katika majivu. Ilikuwa tarehe kumi na nne Agosti. Hilda alikuwa amekwisha kumwandikia meneja mara mbili. Nami nilikwenda kwa meneja. Hakunitisha, hakunifokea. Alisema filamu imekwisha kulipiwa, niwaambie watu wangu taratibu, na wiki ileile nikawa msimamizi wa zamu.

Nilikaa na kalamu siku tatu. Nikiandika majivu ingebidi niandike ndama. Nikiandika ndama ingebidi niandike sumu, na aliyeituma sumu ni mimi. Basi nikaandika moshi, nikaandika macho. Nilikumbuka kwamba maharage yako yana majivu. Nilikumbuka, Shangazi. Nikajiambia yanaoshwa kabla ya kupikwa.

Ile sufuria ya maharage iliyopinduka msibani haikupinduka kwa bahati mbaya. Niliona wapishi wanaanza kuwapakulia watu, nikaipiga teke. Ulinifokea mbele ya waombolezaji kwamba nimekuwa kipofu, nami nikakubali kuwa kipofu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema. Na lile gunia nililoomba kuondoka nalo, ukadhani nataka ukumbusho wa nyumbani, nimelifukia. Usile chochote kilichogusana na majivu yale. Nenda kapimwe.

Leo asubuhi nimempata Odilo kwa simu akiwa kilimani, nikamwomba awaambie watu wote wazime moto huo. Alinipigia tena mchana. Wamemcheka. Wanasema filamu imeonesha kuni ni salama, na sauti ni ya Basil mwenyewe, mtoto wa hapahapa, aliyewapa kuni hizohizo shangazi yake na binti yake. Kwa hiyo nimefanya kazi ninayoijua. Nimechukua picha zilezile nikaziwekea sauti nyingine. Kwenye ile memori kadi iliyobandikwa hapa chini nimesema yote, na jina langu, na jina la Jasmine. Mwambie Odilo aioneshe ukumbini.

Kazi nimeacha. Karatasi ya Hilda nimeipeleka kwa maofisa wa mazingira, wamepokea, wamegonga muhuri. Msalaba wa Anneth nimempa Marcelino aulete. Sijui kama nina haki ya kuuleta mwenyewe.

Basil


Ihalawe, Njombe
21 Januari 2024

Basil,

Marahaba nitaitika siku utakayoniamkia uso kwa uso.

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Niliisoma barua yako mara moja, nikaiweka chini ya godoro, nikakaa nayo mpaka Krismasi ikapita. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko karatasi. Bado ipo, lakini imepungua kiasi cha kushika kalamu.

Kadi yako nilimpa Odilo siku ileile, lakini ukumbi aliupata Jumapili ya kwanza ya mwaka tu, akaionesha baada ya Misa. Watu walewale, mabenchi yaleyale, milingoti ileile kutoka juu. Alikuwa ameninakilia maneno yako kwenye daftari, nikawa nayasoma huku picha zinapita. Ilipofika kwenye moto niliacha kusoma, nikamtazama Jasmine. Sweta jekundu, mashavu yanang'aa, anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera. Hakuna aliyeshangilia. Aliyekuwa anaijua kwa moyo hakuwepo.

Mama mmoja alisimama, na Odilo akaniandikia alichosema: ile sauti ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Sikumlaumu. Ya kwanza ilimpa moto, ya pili inamnyang'anya chakula. Lakini Odilo alitoka, akaleta gunia lake la maharage, akalimwaga mbele ya ukumbi watu wote wakiona. Jioni hiyo lilichimbwa shimo mbali na chemchemi. Magunia kumi na moja. Nyumba mbili zimekataa, zinasema njaa haingoji, na bado ninakwenda kwao kila siku kuwasihi. Waliomwaga majivu vinyunguni hatujui tuwaambie nini. Udongo hauchekechwi. Maofisa wamekuja mara moja, wamechota maji kwenye chupa. Nami nimepimwa, ninatumia dawa, viganja vyangu vinabanduka ngozi.

Nilimjibu daktari "hakuna." Ningesema tu majivu ya kuni gani, pengine angeshtuka. Nilikuwa nimejaa fahari. Hilo nalibeba mwenyewe, sikutwishi.

Lakini lako ni hili. Uliniambia moshi. Nikahamisha moto siku ileile, mzee wa miaka sabini na mmoja nikibeba mafiga, kwa sababu ulisema. Ungeniambia majivu ningemwaga maharage siku ileile, na nisingekuuliza nani kaleta kuni. Nisingekuuliza kamwe. Ulidhani nitakuhukumu, nami nilikuwa nataka mtoto apone tu.

Mwezi uliopita umeme ulifika Ihalawe. Nguzo moja imesimama mbele ya mlango wangu, kijani, na barua hii naiandika kwa taa yake. Ni mwanga mzuri, naona mpaka kovu la kidole changu. Nimejaribu kuichukia ile nguzo, nimeshindwa. Wakati Jasmine anajifunza kuandika jina lake tulikuwa tunatumia kibatari. Ningependa kumwonesha taa hii.

Msalaba wako umefika. Umeuchonga vizuri, na jina la Anneth halina kosa. Nimempa Marcelino aurudishe, maana kwenye kaburi lile sitaweka kitu kilichopita kwenye pipa. Sasa makaburi ni mawili na yote ni udongo mtupu. Chonga misalaba miwili ya mti wa kawaida, usiotiwa chochote, na usimpe Marcelino. Ilete mwenyewe, mwanangu. Najua mchwa wataila, na baada ya miaka mitatu itakuwa imeoza. Ndipo utakuja tena kuibadilisha.

Shangazi yako,
Telesia